Gari Lipi la BYD Ulinunue? Mpangilio kwa Barabara za Afrika Mashariki

Kampuni ya BYD ya Shenzhen, China, iliyoanza mwaka 1995 ikitengeneza betri, iliuza magari ya umeme mtupu yapatayo milioni 2.25 mwaka 2025 na kuipita Tesla, iliyofikisha takribani milioni 1.64. Wingi huo una maana kwa mnunuzi wa Nairobi au Kigali, kwa kuwa gari linalouzwa kwa wingi katika nchi zinazotumia usukani wa kulia, kama vile Thailand, Australia na Uingereza, ndilo ambalo vipuri vyake vitaendelea kupatikana hata likishachakaa.

Nafasi ya kwanza naipa Atto 3, na sababu yangu kuu ni uvungu wake, yaani nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini ya gari. Una milimita 175, kiasi kinachovuka matuta na mashimo yetu bila betri iliyo chini ya sakafu kukwaruzwa. Betri ya kilowati-saa 60.48 hulipeleka kilomita 420 kwa kipimo cha Ulaya, ingawa ukipanda milima na abiria watano usitegemee kufika huko. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huijaza kwa usiku mmoja, ilhali kwa soketi ya kawaida hupita saa 24. Umeme ukikatika nyumbani, waya maalumu huliwezesha gari kuendesha jokofu na taa, jambo ambalo binafsi nalithamini kuliko nyuzi nyekundu za gitaa zilizofungwa kwenye mifuko ya milango yake.

Dolphin inafuata. Ni fupi, huegeshwa kwa urahisi, na yenye betri ya kilowati-saa 44.9 inamtosha kabisa mtu anayekwenda kazini na kurudi mjini, lakini uvungu wake ni mdogo, hivyo anayeishi mwisho wa barabara ya vumbi aiache. Seagull, ambayo nje ya China huitwa pia Dolphin Mini au Dolphin Surf, naiweka ya tatu: inafaa safari fupi tu, na umbali unaotangazwa kwa kipimo cha China huwa mkubwa kuliko uhalisia. Seal naiweka ya mwisho, japo ndiyo yenye kasi na inayofika mbali zaidi, kilomita 570, kwa sababu iko chini mno.

Kabla ya kulipa, fungua kifuniko cha kuchajia, ambacho kwenye Atto 3 kiko ubavuni mbele, upande wa kulia. Ukiona tundu moja la duara lenye vishimo saba, na chini yake vishimo viwili vikubwa, hilo ni umbo la Ulaya, linalotumika pia katika nchi hizo za usukani wa kulia. Ukikuta matundu mawili yaliyotengana, gari lilitengenezwa kwa soko la China: utahitaji adapta, huenda skrini ikazungumza Kichina, na wakala rasmi ana haki ya kukataa waranti. Gari la aina hiyo linaweza kuuzwa kwa bei inayovutia sana. Mimi singelichukua bila fundi aliyekwisha kulifungua la namna yake, na bila barua ya muuzaji inayotaja afya ya betri kwa asilimia.