TAHADHARI: Kapsuli za "manjano na ubani" za magoti zinazouzwa WhatsApp

Ndugu zangu, hasa mlio na wazazi wanaolalamika magoti, naombeni msome hii kabla hamjatuma hela kwa mtu.

Mama yangu ana miaka 67, magoti yote mawili yamesagika. Mwezi wa tatu, shoga yake wa kwenye kikoba alimpa namba ya jamaa anayejiita Dokta. Kopo moja la kapsuli 60 ni shilingi 85,000, unatuma hela kwa simu, bodaboda anakuletea hadi mlangoni. Kopo ni jeupe, kifuniko cha kijani, limeandikwa manjano, ubani wa Oman na tangawizi, "mimea asilimia 100, haina madhara".

Siku ya pili tu mama aliinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta. Akasali amesimama, jambo ambalo mwaka mzima alikuwa akilifanya kwenye kiti. Tulilia kwa furaha, na nikaagiza makopo mengine matatu kwa hela yangu.

Mwezi wa pili uso ukaanza kujaa, ukawa wa mviringo. Majirani wakasema amenawiri. Mikono ikawa inavilia damu akigusa tu ukingo wa meza. Sukari, ambayo hajawahi kuwa nayo, ikasoma 14. Makopo yalipoisha, Dokta akasema mzigo umekwama bandarini. Siku ya nne bila kapsuli mama hakuweza kunyanyuka kitandani: anatapika, presha imeshuka, choo cheusi kama lami. Tukamkimbiza hospitali usiku.

Daktari alimtazama uso, akauliza: "Mama, kuna dawa ya magoti unatumia?" Akapima kotisoli, homoni ambayo mwili hujitengenezea wenyewe, ikawa chini sana. Alivyotueleza ni hivi. Dalili zile ni za mtu aliyemeza steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe zinazofanya kazi kama homoni hiyo, kwa muda mrefu. Mwili ukiletewa steroidi kila siku kutoka nje, tezi zilizo juu ya figo zinaacha kutengeneza ya kwake. Ukikata ghafla, huna ya dukani wala ya mwilini, na hapo mtu anaweza kufa. Choo cheusi ni damu ya vidonda vya tumbo, ambavyo huja haraka steroidi ikichanganywa na dawa za maumivu kama diklofenaki.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu Artri King, bidhaa ya viungo iliyouzwa kama lishe ya asili. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni (aina ya steroidi), ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Watu walidhurika ini, na vifo viliripotiwa.

Sina ugomvi na mimea. Kurkumini ya kwenye manjano na utomvu wa ubani wa India vimefanyiwa utafiti kwa wenye magoti yaliyosagika, na baadhi walipata nafuu ya kiasi. Lakini nafuu hiyo huja taratibu, kwa wiki kadhaa. Manjano ya jikoni yana kurkumini kama asilimia 3 tu, na tumbo huinyonya kidogo mno. Ndiyo maana watengenezaji huongeza pilipili manga. Na hakuna mmea uliothibitishwa kuotesha upya gegedu (ule mto laini kati ya mifupa ya goti) lililolika, hata muuzaji akutumie picha ngapi za eksirei akidai "ute umerudi". Dawa ya mimea inayomnyanyua mzee kwenye mkeka kwa siku mbili, ishuku.

Niliporudi nyumbani nilipasua kapsuli moja iliyobaki chini ya mto wa mama. Kila mpika pilau anajua manjano: ukiyashika, kucha zinabaki za njano hadi kesho. Ule unga ulikuwa wa rangi ya maziwa ya unga. Niliusugua kiganjani, nikanawa kwa maji matupu, ukaisha wote. Hata hivyo, msitegemee kipimo hiki, maana rangi ni rahisi kuongeza.

Kama mzazi wako anazimeza sasa hivi, usimnyang'anye ukazitupa. Mpeleke hospitali leo hii, na kopo mkononi, mwambie daktari ameanza lini na anameza ngapi kwa siku. Steroidi hupunguzwa polepole kwa dozi ya daktari. Mama yangu bado yuko kwenye kupunguza, na magoti yanauma kama zamani. Anafanya mazoezi ya mapaja aliyofundishwa na anapaka dawa ya maumivu aliyoandikiwa.

Kopo halina namba ya toleo wala tarehe ya kuisha. Jamaa alinionyesha "cheti", lakini dawa ya asili iliyosajiliwa unaweza kuiulizia Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na taarifa za madhara hupokelewa na TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Mimi nimepeleka kapsuli zilizobaki. Yeye amenizuia kwenye WhatsApp na kubadili namba, ila kopo ni lile lile, jeupe, kifuniko cha kijani. Tazameni chini ya mito ya wazazi wenu.