Monster Manual ya 2014: nilinunua sababu ya lichi

Niseme ukweli tu, hiki kitabu cha Dungeons & Dragons toleo la tano (ile geimu ya mezani ya kuigiza hadithi kwa dadu) kina majoka na mashetani ya kila rangi lakini mimi pesa yangu ilitoka kwa ajili ya lichi peke yake. Sio lile tunda jamani, lichi hapa ni neno la Kiingereza cha kale, maana yake maiti, na kwenye geimu ni mchawi mkubwa aliyeona kufa ni kwa watu wengine akajigeuza maiti hai kwa hiari yake. Hapo ndo utamu ulipo. Zombi hakuulizwa, kafufuliwa tu akatumwa kama punda wa maji, lakini lichi kakaa kitako akapiga hesabu akasema haya, nitalipa.

Na malipo yenyewe si mchezo. Kwanza atengeneze chombo cha kuhifadhi roho yake, wao wanakiita phylactery, neno la Kigiriki, ila mtu wa Mombasa ukimwambia hirizi kashamaliza kuelewa. Halafu anakunywa dawa iliyochanganywa na damu ya kiumbe mwenye akili zake, na roho ya huyo masikini inatolewa kafara kwa hiyo hirizi, mchawi anaanguka chini kafa kabisa, kisha anainuka. Na siri yenyewe haiokotwi njiani, wengi wanaenda kumuapia Orcus, mkuu wa mashetani anayetawala wafu.

Kinachonifurahisha zaidi ni kuwa deni haliishi. Lazima ailishe hirizi roho za watu, anamfungia mtu ndani kwa uchawi wa daraja la 9, saa 24 zikipita roho imeliwa yote na hapo kumrudisha mtu mpaka Mungu aingilie. Asipolisha mwili unamomonyoka mpaka libaki fuvu, demilichi, na hilo fuvu nalo usilidharau, likipiga ukelele na dadu yako ikakuangusha pointi zako za uhai zinashuka mpaka sifuri hapo hapo.

Toleo la tatu, lile la 2000, mambo yalikuwa kama kwa fundi, uwe mchawi wa leveli 11, utoe dhahabu 120,000, hirizi yako hiyo. Wachezaji wangu wakongwe wanaipenda hiyo manake mtu anaweza kuweka akiba lakini mimi naona ilikuwa kama kununua ploti. Hii ya 2014 imerudisha dhambi mahali pake. Ubaya wake sasa, maelezo ya kuigeuza karakta ya mchezaji kuwa lichi hayapo, dawa yenyewe haina vipimo wala bei, mchezeshaji utajaza mwenyewe. Hapo nimekata nyota moja. Ile mpya ya 2025 hata jina la hirizi wamebadilisha, sasa inaitwa spirit jar yaani mtungi wa roho, mimi kwangu ni hirizi tu.

Tulimjaribu huyo lichi kwetu Tudor, Mombasa, baada ya isha, watu watano, mahamri na chai ya tangawizi, nikauchora mji kama Mji wa Kale na vichochoro vyake. Lichi ana pointi za uhai 135 tu, wakamtwanga usiku wa kwanza wakapiga vigelegele mpaka mama akabisha dirisha. Nikarusha dadu ya pande kumi chini ya meza kujua atarudi baada ya siku ngapi, ikatoka tatu. Siku ya tatu huyo karudi, mwili mpya, uhai wote umejaa, maana hirizi haijavunjwa. Wakachimba makaburi, wakashuka visimani, wakapoteza vikao viwili vizima, kumbe nimeiweka juu ya mlango wa kuchonga wa nyumba waliyopanga wao wenyewe, pale pale bibi zetu walikuwa wakitundika zao.

Kitabu chenyewe kilinifikia kona imepinda na muuzaji hakujibu meseji mpaka leo, na hewa ya chumvi ya huku imeanza kukunja kurasa, kwa hivyo kiweke kabatini. Nyota 4. Wachezaji wangu sasa wakiingia nyumba yoyote ya geimu wanatazama juu ya mlango kwanza. Kukiuza sikiuzi, kukiazima njoo, ila usije na mikono ya viazi karai.