"Kuna nazi mbili": kamusi yangu ya karatasi na ile ya simuni

Mteja wangu mmoja, mama anayefundisha wageni mapishi huko Unguja, aliniletea kijitabu chake nikinyooshe Kiingereza. Kiswahili alikiandika mwenyewe. Kiingereza alikitoa kwenye programu ya kutafsiri iliyomo simuni mwake. Pale alipoandika "Kuna nazi mbili kwa mbuzi", tafsiri ilimwambia mgeni kwamba zipo nazi mbili kwa ajili ya mbuzi, yule anayekula majani. Mstari uliofuata ulisema "Paa samaki", na samaki wa watu akaezekwa paa la nyumba. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kulikoni.

Kicheko kilipoisha nikaona aibu kidogo, maana mimi mwenyewe ninayeishi kwa kuhariri na kutafsiri nilikuwa nimeshahamia simuni. Uvivu tu. Siku hiyo nikaishusha kabatini Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, toleo la pili la mwaka 2004, nikaifuta vumbi. Nilikuwa nimeinunua mtumba pale Posta, Dar es Salaam, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, baada ya kuvutana bei karibu nusu saa. Lipo toleo la tatu la 2013, na la kwanza kabisa ni la 1981, lakini hili ndilo lililoangukia mikononi mwangu na ndilo ninaloliongelea.

Kamusi hiyo haikuniangusha kwenye mapishi. Mbuzi mnyama ana mahali pake na ngeli yake, a-/wa-. Mbuzi ya kukunia nazi ina mahali pake na ngeli yake, i-/zi-. Paa zimepangwa moja baada ya nyingine, kila moja na namba: ya kuezeka, ya porini, ya kwenda juu, ya kutoa magamba. Ukizisoma zote kwa mfululizo huwezi kumwezeka samaki. Programu ya simu yenyewe inakuchagulia moja, kisha inanyamaza kana kwamba nyingine hazipo.

Ngeli ndiyo sababu kubwa ya mimi kurudi kwenye karatasi. Maana ya neno naweza kuibahatisha kutokana na sentensi. Ngeli siibahatishi, na tovuti nyingi nilizopitia hukupa neno la Kiingereza na kukuacha hapo hapo. Kuna zilizojitahidi, sikatai: Mradi wa Kamusi ulioanzia Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1994 ulinisaidia sana enzi za kulipia intaneti kwa dakika kwenye vibanda. Ila zilizo nyingi zimenakiliana tu, kosa likiwa moja linazaa kumi.

Ndiyo maana sikubali mtu anithibitishie neno kwa kuhesabu kurasa za mtandaoni. Ofisi moja iligoma kabisa nilipobadilisha "swala gumu" kuwa "suala gumu" kwenye ripoti yao. Hoja yao: mtandaoni kila mtu anaandika swala. Nikapiga picha ukurasa wenye swala, mnyama mwenye pembe, nikawatumia kwa WhatsApp. Hawakujibu, ila malipo yaliingia.

Sasa msidhani karatasi ni malaika. Mwenzangu mmoja wa Unguja alinikuta najigamba hivyo, akanifungulia kamusi ya BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, ya mwaka 2010. Jina lake ni Kamusi la Kiswahili Fasaha. *La*. Yangu ni Kamusi *ya*. Yaani hata neno "kamusi" lenyewe, vitabu viwili vimetofautiana ngeli hapo hapo kwenye jalada! Tulibishana mpaka chai ikapoa, na kila mmoja akaondoka na yake.

Halafu kuna suala la kulipata neno lenyewe. Mpwa wangu wa kidato cha pili alikaa na kamusi muda mrefu, akaja amenuna.

"Mjomba, kamusi yako haina zarura."

"Tafuta kwenye D."

"D? Neno linaanza na Z, mjomba!"

Kitabu kinataka uwe umeshajua tahajia kabla hujakiuliza tahajia. Mtoto anayetamka z badala ya dh, au anayechanganya l na r, atapekua kurasa mpaka alale. Alipoandika "zarura" simuni, simu ikamletea dharura mara moja. Hapo sikuwa na la kusema. Nilijitetea kwa "walipopigiana". Nikamwonyesha jinsi ya kulivua neno nguo, wa, li, po mbele, kisha -iana nyuma, mpaka ibaki piga. Akasikiliza kwa heshima, akarudi kwenye simu yake.

Maneno mapya nayo ni kilio. Mwaka 2022, wakati wa sensa, vishikwambi, yaani tableti, vilikuwa midomoni mwa kila mtu Tanzania. Kwenye kitabu changu cha 2004 kishikwambi hukioni, na kingetoka wapi? Barakoa nayo, kamusi za zamani zinaijua kama kifuniko cha uso cha wanawake. Ile tuliyovaa sote wakati wa korona ni mtandao ulionifafanulia. Kwa hiyo kwa habari za teknolojia na afya naanzia simuni bila kusita. Mkataba, kitabu cha shule na kila kitu kitakachochapwa kwa jina langu, hivyo naviweka mezani na kamusi pembeni, bando liwepo lisiwepo.

Kasoro ya mwisho ya karatasi ni M. Ukitazama kamusi yangu kwa ubavuni, sehemu ya M imekuwa nyeusi kuliko zote, kwa sababu lugha yetu imewarundika watu humo: mpigaji, mpishi, mwandishi, mkunaji, wote wametenganishwa na vitenzi vyao, unawafuata kwa vidole. Kurasa hizo zikaanza kung'oka. Gundi ilishindwa, nikampelekea fundi viatu wa hapa mtaani. Akaishona kwa uzi wa nailoni, kazi imara kama ya buti la askari, ila amebana mno na mshono umekula ukingo wa ndani. Maneno ya katikati ya M sasa nayasoma nusu nusu, nikiwa nimeinamisha shingo. Nikichoka, ndipo nanyoosha mkono kuchukua simu.