Simu yangu haiujui mninga

Nimelipia programu ya kutambua mimea kwa simu, na leo nina hasira nayo kweli kweli. Mninga haiujui. Mninga! Vitanda na makabati ya nyumba ngapi hapa Tabora yametoka kwenye mti huo?

Uani kwangu ilinifurahisha, lazima niseme. Mjohoro, mjakaranda, zote ilipatia papo hapo. Nyuma ya banda la kuku liliota gugu lenye maua meupe marefu na matunda ya miiba, mjukuu wangu akawa anayachuma achezee. Simu ikasema Datura, sumu tangu mzizi hadi mbegu. Jirani akaja kuangalia: mnanaha huo, ung'oe leo leo. Siku ile ningewapa nyota zote tano na dua juu.

Basi nikaenda nayo Sikonge kwenye mizinga, nijue nyuki wangu wanachuma kwenye miti gani. Kiangazi kilikuwa kinaishia, mvua bado, miti inatoa yale majani machanga mekundu. Mti mmoja uitwao mtundu, kila picha jina jipya, na hakuna hata moja la mti wa misitu yetu ya miombo. Kwenye mninga ikaniambia bila kusita: Robinia, mti wa Marekani. Mzee anayenilindia mizinga akatazama simu, akatazama juu. "Mama, huu mninga. Matunda yake si hayo?" Yananing'inia, bapa, ya mviringo, katikati manyoya magumu, pembeni utando mkavu. Akachanja gome kidogo kwa panga, utomvu ukachuruzika mwekundu kama damu. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa, na picha za tunda na utomvu nikaweka. Jibu likaja mstari mmoja: nitumie simu yenye kamera bora. Kamera! Si ndiyo hiyo hiyo iliyouona mnanaha? Programu hizi zinajifunza kwa picha ambazo watu wamepiga, na nyingi zinatoka Ulaya na Marekani. Mnanaha umeenea dunia nzima, mtundu wa Sikonge nani kaupiga picha? Wangeniambia hivyo ningewaelewa, tena ningewatumia picha zangu bure, za majani, maua na magome, masika na kiangazi. Wao wakaona waidharau simu yangu.

Nilitaka kuifuta. Sijaifuta, kwa ajili ya yule mtoto. Kwa magugu na maua ya nyumbani inafaa, ila msilipie, ya bure inawatosha. Msituni nendeni na mtu wa pale, na mumlipe yeye. Hapa nilikuwa nimeweka nyota tatu, lakini nimelisoma tena lile jibu lao na hata mbili naona nyingi. Nawapa moja. Na hela ya mwezi huu wameshaikata.