TAHADHARI: Anayejiita muuza bledi za trekta za bustani huko Mombasa ni mwizi, msimtumie hata shilingi

Siku tatu nimekuwa nikijiuliza niandike au nifunike kombe mwanaharamu apite. Mke wangu anasema nifunike. Lakini jana kijana mmoja wa Watamu kanipigia kuniuliza kama yule "jamaa wangu wa spea" ni wa kuaminika, kwa kuwa mimi ndiye niliyemsifu mbele za watu wiki mbili zilizopita. Mimi, kwa mdomo wangu! Basi naandika. Chekeni kwanza, kisha msome.

Ile trekta yangu nyekundu ya bustani, Wheel Horse, mnaijua, sina haja ya kuieleza ilivyonifikia. Na lango langu hapa Mambrui mnalijua lilivyo kusi ikishika: unalala lango likifunguka, unaamka mchanga umefika kwenye komeo. Mwaka jana nililipa vijana wa koleo na toroli mpaka nikachoka kuwaona. Ndipo nikaingiwa na wazimu wa kutafuta bledi ya mbele, ile wazungu wanayosukumia theluji. Msinicheke hapo, maana hapo sikukosea. Wheel Horse zilikuwa zikitengenezwa South Bend, Indiana, kule Marekani, mji ambao ziwa Michigan huumwagia theluji kila kipupwe, na bledi yake ni kifaa cha kweli. Ina mkono mrefu unaopita chini ya trekta na kushikwa na pini katikati ya fremu, ili nguvu ya kusukuma isiende kwenye ekseli ya mbele. Ina springi, ukigonga jiwe bamba linainama badala ya kuvunjika. Unailaza kushoto au kulia upendavyo. Kampuni yenyewe ilinunuliwa na Toro mwaka 1986, na spea za zile za zamani ni za kuokoteza. Miaka miwili nimeokoteza. Kila yadi ninayoingia naulizwa, "Trekta gani hiyo, mzee, ya watoto?"

Sasa sikilizeni nilivyoliwa.

Ilikuwa baada ya Alasiri, niko barazani na kahawa yangu, simu ikalia namba ngeni. "Assalamu alaykum shehe wangu, habari za Mambrui? Nimesikia unatafuta bledi ya Wheel Horse." Sauti tulivu, Kiswahili cha kwetu kabisa, si cha kubahatisha. Nikaitika. Akasema, "Kabla hatujafika mbali, nikuulize: yako ni fremu fupi au ndefu?"

Wallahi hapo ndipo nilipokwisha. Nyinyi hamjui swali hilo lina uzito gani. Wheel Horse za mwanzo zilikuwa na fremu fupi, za baadaye ndefu, na mkono wa bledi ya fupi haufiki kwenye pini ya ndefu. Miaka miwili sijasikia mtu Pwani nzima akiuliza hivyo. Nilihisi kama mtu aliyepotea ng'ambo akasikia lugha ya mamake.

Nikamwambia ndefu, modeli ya C-120, injini ya Kohler ya nguvu za farasi 12. Akasema, "Ahaa," kama daktari aliyeishika picha ya eksirei. "Basi, bledi ya upana wa inchi 42 itakusumbua. Ukiilaza upande inakuwa nyembamba, magurudumu yatakanyaga mchanga uliobaki. Wewe wataka ya 48. Ninayo moja." Nikamuuliza kaipata wapi. Akasema imekuja na kontena la mitumba kutoka Uingereza, pamoja na mafriji na baiskeli.

Nikasema nataka kuiona. Akapiga video papo hapo, hakusita. Ghala la giza giza, mafriji yamepangwa, nyuma yake kitu chekundu kimeegemezwa ukutani. Mtandao ukawa unakatakata. Akavuta futikamba, akainyoosha, akailetea kamera namba: "Soma mwenyewe, shehe." Nikasoma 48. Niliisoma kwa sauti, mke wangu shahidi. Nikamwambia nionyeshe upande wa pini. Akageuza simu, nikaona sakafu, nikaona kiatu chake, ikakatika. Kumpigia, "Betri imekwisha, nakutumia picha." Na picha ikaja, nzuri kama ya harusi: mkono mzima, springi mbili, pini, hata fimbo ya kunyanyulia. Nyuma yake kweupe. Mimi nikadhani ukuta wa chokaa.

Bei 37,000. Akasema hataki zote, "sisi ni watu wa Pwani, nitumie nusu, nyingine ukishaipokea." Mtu anayetaka kukuibia anakataa pesa? Ndivyo nilivyojiuliza, na nikajijibu vibaya. Nikaingiza namba kwenye M-Pesa, likatokea jina la mwanamke. Akasema ni mkewe, ndiye mwenye duka. Nikafurahi hata, nikasema mwanamume anayemwachia mkewe hesabu ni mwanamume mwaminifu. Nikabonyeza. 18,500 zikaenda.

Siku mbili baadaye akataka 9,000 za ushuru wa bandarini. Hapa mke wangu aliniuliza, na alikuwa na haki: bledi si iko ghalani tayari, tumeiona? Nikamjibu kwa ukali kwamba yeye hajui mambo ya kontena. Dada zangu, mnisamehe, na yeye nimeshamwomba radhi. Nikatuma.

Mzigo ukaja kwa basi mpaka Malindi, nikalipa 1,200 za mzigo. Umefungwa kwenye magunia mawili yaliyoshonwa. Mbuzi kwenye gunia, na mimi nikaupakia kwenye tuktuk kwa furaha. Tangu mjini mpaka daraja la Sabaki nilimsimamisha dereva mara mbili niangalie kamba kama zimekaza. Nyumbani nikaita majirani. Niliwaita mwenyewe! Watoto wa madrasa wakapanda ukutani. Nikakata kamba, nikavuta gunia, gunia likagoma. Limenatana na rangi. Rangi mbichi, bandugu, nyekundu, ikanibaki viganjani kama nimechinja.

Ndani mlikuwa na pipa la oili. Pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu, likasuguliwa grainda kidogo, likapakwa rangi. Ile migongo ya pipa ilikuwa inaonekana kabisa, na ukiinamia jua lilipopiga unayasoma maandishi ya oili chini ya rangi. Upana si 48, ni inchi 34 na kitu, yaani kimo cha pipa. Nyuma yake engo mbili zilizochomelewa na matundu manne ya bolti. Hakuna mkono. Hakuna springi. Hakuna pini. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, hiyo ni ya kuchomea nyama?"

Hakuna aliyecheka mbele yangu. Walisubiri watoke nje ya lango.

Fundi wangu wa kuchomelea alipokuja kuiona aliniambia ningeifunga pale mbele kwa zile bolti nne, rundo la kwanza la mchanga lingeivunja ekseli, na ekseli ya hii trekta ni chuma cha kumimina, hakichomeleki ovyo. Kwa hivyo huyu mtu hakuiba 27,500 tu, alikuwa anakaribia kuniua na mashine yangu. Fundi akaniongezea na jingine ambalo sikupenda kulisikia siku ile: hata ile ya kweli ningehitaji kwenda nayo taratibu, kwa sababu mita moja ya ujazo ya theluji iliyoanguka sasa hivi ni kama kilo 100, na ya mchanga mkavu ni kama 1,600. Unakwangua juu juu, unarudi, unakwangua tena. Na nyuma uweke uzito, la sivyo magurudumu yanachimba. Sawa, tumesikia.

Jioni binti yangu akaikuza ile picha kwenye simu. "Baba, hii si chokaa. Hii ni theluji." Nikatazama. Theluji, na ncha ya mti wa misonobari. Picha ameinyakua huko kwenye matangazo ya watu wa baridi. Kisha akaniuliza, "Na yale maswali ya fremu, si uliyaandika mwenyewe kwenye tangazo lako?" Nikalifungua tangazo langu. Yote yapo. Fremu fupi na ndefu, C-120, kwa nini sitaki ya inchi 42, sababu ya magurudumu kukanyaga mchanga, Mambrui. Yote nimeyaandika kwa mkono wangu, na yeye kayasoma, kaja kunisomea. Nilimpa mtihani na majibu yake, kisha nikashangaa alivyofaulu. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kuliko pesa.

Nilituma meseji ile ya 456 ya kurudisha pesa, zilikuwa zimeshatolewa. Namba yake nimeiripoti kwa 333, ile ya kushtaki matapeli. Polisi Malindi nimeandikisha, OB, yaani namba ya kitabu chao cha matukio, ninayo. Afisa alikuwa mwungwana, ila aliposikia "bledi ya theluji" alinitazama usoni kidogo, akaniuliza nirudie. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni miaka mitatu kwa sheria ya Kenya, kifungu cha 313. Mitatu tu! Mimi ningempeleka Shimo la Tewa, na kila asubuhi aletwe Mambrui asukume mchanga langoni kwangu kwa lile pipa lake, kwa mikono, kusi yote, mpaka kaskazi ije. Nilitaka nimsomee Halbadiri. Shangazi yangu kanizuia, kasema kisomo hicho kikikosa mwenyewe kinarudi, na mimi uzembe wangu pia una sehemu yake. Nimeliahirisha. Sijalifuta.

Haya, dalili, kwa anayezitaka: jina la M-Pesa si lake. Simu inakatika ukiomba kuona pale panapohusika. Pesa ya pili kwa kitu ulichoambiwa kiko tayari. Namba 48 niliyoisoma ilikuwa ya futikamba, sikuona mwisho wa pili umeshikwa wapi. Na msimwambie muuzaji mnachotaka chote. Mwacheni yeye aseme kwanza matundu yako wapi na mkono una urefu gani. Anauza pia, nasikia, bledi za mashine za kukatia nyasi na "gia boksi za Italia". Sauti ya upole, anapenda kuita watu shehe. Mwanamke atamwita mamangu.

Namba yake siiweki hapa, afisa kanikataza. Anayeitaka kwa kuihakiki aje dukani nitamwonyesha kwenye simu.

Kijana wa Watamu, wewe usitume. Nisamehe kwa zile sifa.

Na kama kuna mtu kweli ana mkono wa Wheel Horse wa fremu ndefu, hata uwe umeoza kutu, hata bila bamba, aje nao mwenyewe Mambrui. Trekta iko uani, tutautia pini tukiwa wote wawili tumepiga magoti, na pesa iko mfukoni. Lile pipa nimeliegemeza kwenye mnazi. Rangi bado inanata.