Kibali cha askofu au kutorokea Gretna Green?

Katika riwaya za mapenzi za Uingereza ya 1811–1820, wapenzi wenye haraka wana njia mbili. Mwenye cheo huomba kibali maalumu cha Askofu Mkuu wa Canterbury: ndoa hufungwa popote, saa yoyote, bila kutangazwa kanisani Jumapili tatu. Ila binti wa chini ya miaka 21 bado alihitaji ridhaa ya baba.

Hapo ndipo njia ya pili, kutorokea Gretna Green, kijiji cha Uskoti karibu na mpaka wa Uingereza, inaponoga. Sheria ya ndoa ya 1753, iliyodai ridhaa hiyo, haikuvuka mpaka wa Uskoti, kule kiapo mbele ya mashahidi wawili kilitosha, hata kwa msichana wa miaka 12 (ndiyo, 12!). Adha ni siku kadhaa garini, farasi wakihema, baba nyuma anafukuza, na jina la binti limeshachafuka. Kwa msomaji, mimi nachagua Gretna. Kibali humaliza hadithi mapema mno.