Muvi ya Dunkirk ya 1958, ile ya zamani, sio ile ya 2017

Nimeinunua dividii kwa jamaa mmoja mtaani, kava limepauka na maandishi ya chini hayapo kabisa, kwa hiyo ile Kiingereza yao ya kijeshi ikabidi nirudishe nyuma mara tatu tatu. Ila muvi yenyewe aisee! Blaki endi waiti, zaidi ya masaa mawili, John Mills ni koplo wa jeshi la Uingereza aliyeachwa nyuma huko Ufaransa na vijana wachache, hajui jeshi liko wapi, anaenda tu. Upande wa pili Richard Attenborough, mwenye kijiboti chake na kiwanda cha vifungo vya mikanda ya jeshi, vita haimhusu mpaka imhusu. Mwanzo unaburuza, siwafichi, nilichemsha chai nikarudi bado wanatembea. Ukifika ufukweni Dunkirk sasa, foleni za askari zinaingia mpaka kwenye maji, ndege zinashuka na ule mlio, watu wanalala kifudifudi mchangani, zikipita wanainuka, wengine hawainuki. Mwaka 1940 askari zaidi ya 338,000 waliozingirwa na Wajerumani waliokolewa kweli hapo kwa meli na boti, lakini kwenye muvi hakuna kushangilia, wamechoka tu. Nyota nne, moja nimekata kwa ajili ya dividii.